Mkono wa Sukari: Molekuli Zitokanazo na Sukari katika Uchocheaji wa Kikemikali wa Mkono Mmoja

Mkono na kula

Kiswahili kina zaidi ya jina moja la mkono ambao watu wengi huutumia zaidi. Baadhi ya wasemaji huuita mkono wa kuume, na mwenzake huwa mkono wa kuke. Jina lililoenea zaidi, hata hivyo, ni mkono wa kulia, na umbo lake liko wazi kwa yeyote anayejua mnyambuliko wa vitenzi: kulia ni kula katika kauli ya kutendea, yaani mkono ambao mtu hulia chakula. Lugha imefunga upande na mlo katika neno moja. Waliolitumia kwanza hawakuwa na habari za kemia, lakini neno lao linagusa jambo ambalo maabara za Ulaya zilianza kulifahamu katika karne ya 19 tu: chakula chenyewe kina upande, na mwili huujua upande huo.

Ili kulielewa jambo hili, inatosha mtu kutazama viganja vyake. Vidole ni vitano na vitano, mpangilio ni uleule, urefu unakaribiana. Lakini kiganja cha kushoto kikiwekwa juu ya cha kulia, vyote vikitazama chini, havilaliani: dole gumba la kimoja huangukia upande wa kidole cha mwisho cha kingine. Kila kimoja ni sura ya kiooni ya mwenzake. Hali hiyohiyo imo katika molekuli nyingi. Atomu ya kaboni ina nafasi nne za kushikia; zikishikwa na vitu vinne vilivyo tofauti, mpangilio unaweza kuwa wa namna mbili, nazo hutofautiana kama mikono. Louis Pasteur alilionyesha jambo hili jijini Paris mwaka 1848 alipotenganisha, kwa kibano na subira, fuwele za chumvi itokanayo na asidi ya mvinyo: fuwele za mkono mmoja huku, za mkono mwingine kule. Alipoziyeyusha katika maji, fungu moja lilizungusha bapa la mwanga upande wa kulia na jingine upande wa kushoto, kwa kiasi kilekile.

Wanasayansi wa Ulaya walikuja kuiita hali hii kwa neno lililotokana na jina la Kigiriki la mkono. Kiswahili hakina haja ya kupitia Ugiriki kufika kwenye mkono. Makala haya yanatumia neno umkono, na mwenye neno bora zaidi hajazuiwa kulitoa.

Kidonge kichungu

Umuhimu wa umkono hauishii katika fuwele. Mfano ulio karibu na wasemaji wa Kiswahili ni dawa ya kichocho. Praziquantel imetumika tangu miaka ya 1980, na ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huo katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, Unguja, Pemba na kwingineko. Kidonge chake cha kawaida ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu: molekuli za mkono mmoja zinazodhuru minyoo, na molekuli za mkono wa pili ambazo haziifanyi kazi hiyo ila kwa kiasi kidogo mno. Hizo za pili hazikai bure. Huongeza ukubwa wa kidonge, na huchangia sehemu kubwa ya uchungu wake. Mtu mzima hufumba macho akameza. Mtoto wa miaka miwili hutema. Ndiyo maana kulitengenezwa dawa ya mkono mmoja, arpraziquantel, kwa ajili ya watoto wa umri wa miezi mitatu hadi miaka sita. Ilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, na mwezi Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya likatoa maoni ya kuiunga mkono.

Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Katika kemia ya dawa, mara nyingi ni mkono mmoja tu unaochinja, na wa pili ni mzigo. Wakati mwingine ni hatari. Mfano unaotajwa sana ni thalidomide, iliyowalemaza watoto wengi tumboni mwa mama zao mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mfano huo, hata hivyo, hutajwa kwa urahisi kupita kiasi. Molekuli za thalidomide hugeuka mkono zenyewe zikiwa ndani ya mwili, kwa hiyo kumpa mgonjwa mkono mmoja peke yake kusingaliwaokoa watoto hao.

Tatizo la mtengenezaji ni kwamba mmenyuko wa kawaida wa kikemikali haujui kulia wala kushoto. Ukianza na malighafi isiyo na mkono, unapata mikono yote miwili sawasawa. Ni kama fundi wa makubazi ambaye kila akishona jozi hupewa mteja mwenye mguu mmoja: nusu ya ngozi inatupwa. Mikono hiyo inaweza kutenganishwa baadaye, lakini kutenganisha ni gharama, na ile nusu isiyotakiwa imekwisha kula malighafi, nishati na muda.

Kichocheo kinachochagua

Njia ya kiungwana zaidi ni kumwelekeza mtenda kazi kabla ya kazi, na hapa ndipo kinapoingia kichocheo. Neno hili limekubalika katika istilahi za sayansi kwa maana ya kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa na mmenyuko huo. Asili yake ni kuchochea moto: anayesogeza kuni na kupekecha makaa huufanya moto uwake upesi, lakini kijiti chake si kuni. Sitiari hiyo ni nzuri, ila ina upungufu mmoja ambao wanaistilahi hawakuwa na sababu ya kuufikiria. Mchochea moto huongeza kasi. Hachagui moto uelekee wapi. Kichocheo chenye umkono hufanya yote mawili. Kwa kuwa chenyewe ni cha mkono mmoja, malighafi inapokikaribia hukuta upande mmoja uko wazi na upande mwingine umezibwa, na zao linalotoka huwa la mkono mmoja kwa sehemu kubwa. Molekuli moja ya kichocheo ikimaliza hujitoa na kuanza upya, hivyo umkono kidogo huzaa umkono mwingi.

Lugha nyingi za Ulaya huuita uchocheaji wa namna hii kwa neno lenye maana ya kukosa ulinganifu. Tafsiri ya neno kwa neno, uchocheaji usolinganifu, ingempotosha msomaji wa Kiswahili, kwa sababu kwake kisicholingana ni kilichopungukiwa au kisichopatana. Kinachotafutwa hapa ni mkono mmoja. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2001 ilitolewa kwa William Knowles, Ryoji Noyori na Barry Sharpless kwa kazi ya aina hii iliyotumia metali, na ile ya mwaka 2021 ikaenda kwa Benjamin List na David MacMillan, waliotumia molekuli ndogo za kikaboni zisizo na metali.

Lakini kichocheo chenyewe hupata wapi umkono wake? Hauzuki pasipo na kitu. Ni lazima uazimwe, na mkopeshaji mkuu ni viumbe hai. Sharpless aliuazima kutoka katika asidi ya mvinyo, ileile ya Pasteur. Wengine waliuazima katika magome ya mkwinini, wengine katika asidi-amino. Na wengine, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, wakaiendea sukari.

Bidhaa ya dukani

Kwa hesabu ya wingi, hakuna mkopeshaji anayeishinda sukari. Selulosi iliyomo katika mbao, katani na pamba ni mnyororo wa molekuli za glukosi, zote za mkono uleule, ambao wanakemia huuandika kwa herufi D. Sukari ya miwa ni sukrosi, na kila molekuli yake ni D-glukosi moja iliyoshikana na D-fruktosi moja. Ikichemshwa na asidi hafifu huachana, na zote mbili zikapatikana. Umkono ambao maabara hutolea jasho hupimwa kwa kilo na muuza duka na kutiwa katika chai. Jina lenyewe lilitoka India, likapitia Uajemi na Uarabuni, likagawanyika: tawi moja likaja pwani ya Afrika Mashariki kama sukari, tawi jingine likaingia lugha za Ulaya.

Ramani ya mikono ya glukosi ilichorwa na Emil Fischer wa Ujerumani mwaka 1891. Aliweza kubainisha jinsi kila kaboni inavyohusiana na wenzake, lakini hakuwa na njia ya kujua kama picha nzima ilikuwa yenyewe au sura yake ya kiooni, kwa hiyo akachagua moja. Mwaka 1951 Johannes Bijvoet na wenzake nchini Uholanzi walitumia mionzi ya eksirei kuichunguza chumvi ya asidi ya mvinyo, na ikathibitika kwamba Fischer alikuwa amebahatisha sawasawa.

Kama sukari ni rahisi na imejaa kiasi hicho, kwa nini haikuwa chaguo la kwanza la kila mwanakemia? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba glukosi ina makundi matano ya haidroksili, yaani oksijeni iliyoshika hidrojeni, na makundi hayo yanafanana tabia. Anayetaka kufungia kitu kwenye mawili tu hulazimika kuyafunika mengine, afanye kazi yake, kisha pengine ayafunue. Kila hatua hula sehemu ya mali. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: maumbile hutoa sukari za mkono mmoja tu kwa wingi. L-glukosi ipo, lakini ni ghali mno. Mtaalamu aliyetengeneza kichocheo cha D-glukosi kinachotoa zao la mkono wa kulia, kisha akahitaji la mkono wa kushoto, hawezi kwenda dukani akaomba sukari ya kiooni.

Glukosi na metali

Rüdiger Selke, aliyefanya kazi Rostock katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulikabili jambo hili kwa vitendo. Alizishika oksijeni mbili jirani za glukosi kwa atomu mbili za fosforasi, na fosforasi hizo zikaibana atomu ya rodiamu kama koleo. Kichocheo hicho kilitia hidrojeni kwenye malighafi ya L-DOPA, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, ambayo mwili huitumia ikiwa ya mkono huo tu. Katika miaka ya 1980 kiwanda kimoja cha Ujerumani ya Mashariki kiliitengeneza L-DOPA kwa njia hiyo. Knowles alikuwa amekwisha kuitengeneza dawa hiyohiyo nchini Marekani katika miaka ya 1970 kwa kichocheo cha rodiamu ambacho umkono wake ulijengwa katika fosforasi zenyewe, kazi ngumu na ya gharama. Selke aliununua umkono kwa bei ya glukosi. Jambo lisilotarajiwa ni kwamba kichocheo kilichoachiwa haidroksili zake nyingine wazi kilifanya kazi vizuri zaidi kuliko kilichofunikwa. Kilichodhaniwa kuwa kero ya sukari kiligeuka msaada.

Katika miaka ya 1990 T. V. RajanBabu na wenzake, wakianzia katika maabara za DuPont, waliishughulikia ile sababu ya pili. Hawakuitafuta L-glukosi. Walichukua D-glukosi ileile wakahamisha fosforasi: badala ya kuzifunga kwenye oksijeni za kaboni ya 2 na ya 3, wakazifunga kwenye zile za 3 na 4. Kwa metali iliyobanwa katikati, jozi hizi mbili za oksijeni zinakaribia kuwa sura za kiooni, ijapokuwa molekuli nzima haijageuka. Jozi ya kwanza ilitoa asidi-amino za mkono mmoja, ya pili zikatoka za mkono wa pili. Kwa maneno mengine, ukiwa na sukari moja unaweza kuazima mikono miwili, mradi ujue pa kuishikia.

Ketoni ya Shi

Kazi iliyoipa sukari heshima kubwa zaidi haina metali kabisa. Ilitangazwa mwaka 1996 na Yian Shi na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani.

Lengo lao lilikuwa epoksidi. Hii ni pembetatu ndogo ya kaboni mbili na oksijeni moja, na hutengenezwa kwa kutia oksijeni kwenye bondi maradufu. Pembe zake zimebanwa, kwa hiyo hufunguka kwa urahisi na kupokea vitu vingine. Epoksidi yenye mkono uliokwisha kuamuliwa ni hatua ya katikati ya dawa nyingi. Mbinu ya Sharpless ya mwaka 1980 ilikuwa ya ajabu kwa usahihi wake, lakini ilidai malighafi iwe na haidroksili karibu na bondi maradufu, mfano wa kipini cha kushikia. Mbinu za Eric Jacobsen na Tsutomu Katsuki, za mwaka 1990, zilitumia manganizi na hazikuhitaji kipini, ila zilifaulu zaidi pale makundi makubwa mawili yalipokuwa upande mmoja wa bondi. Molekuli ambazo makundi hayo yako pande mkabala, tena hazina kipini, zilibaki bila mtumishi wa kuaminika. Pengo hilo ndilo Shi alilolijaza, kwa fruktosi.

Matayarisho yake ni ya hatua mbili. D-fruktosi huchanganywa na asetoni pamoja na asidi kidogo. Kila molekuli ya asetoni hufunga oksijeni mbili jirani. Fruktosi ina makundi matano ya haidroksili, mbili za asetoni hufunga manne, na moja hubaki peke yake kwenye kaboni ya 3. Ile kero ya haidroksili nyingi humalizwa kwa pigo moja, kwa sababu sukari yenyewe huchagua zipi zifungwe. Haidroksili iliyobaki huoksidishwa kuwa ketoni, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi maradufu. Basi.

Ketoni hii hukutanishwa na Oxone, chumvi ya potasiamu yenye oksijeni ya ziada, katika maji yaliyochanganywa na kiyeyushi cha kikaboni, kwa baridi ya nyuzi 0 au karibu na hapo. Oxone huikabidhi ketoni oksijeni moja, na kaboni ya ketoni hujikuta imeshika oksijeni mbili katika pembetatu isiyo tulivu. Pembetatu hiyo huitoa oksijeni moja kwa bondi maradufu ya kwanza inayofika katika mkao unaofaa. Hapa ndipo umkono wa sukari unapofanya kazi: pete zilizofungwa kwa asetoni husimama kama kuta, moja jirani kabisa na ketoni, na malighafi inayokuja kwa upande usiofaa hugonga ukuta. Baada ya kuitoa oksijeni, ketoni hurudia hali yake na kungojea nyingine. Kwa malighafi nyingi za makundi mkabala, mkono unaotakiwa huushinda mwenzake kwa tofauti ya asilimia zaidi ya 90.

Kulikuwa na kikwazo, na utatuzi wake ni sehemu inayostahili kusomwa polepole. Mwanzoni ketoni ilikuwa ikiharibika: Oxone iliishambulia kwa namna nyingine na kuipasua pete yake, kwa hiyo ilihitajika nyingi kuliko malighafi yenyewe. Kichocheo kinacholiwa si kichocheo. Kazi za namna hii zilizoea kufanywa katika pH ya 7 au 8, kwa kuwa Oxone huoza upesi katika alkali, na hakuna aliyetaka kuipoteza. Shi na wenzake wakapanda hadi karibu na 10.5, mahali palipoogopwa. Oxone ilioza kweli kwa kiasi fulani, lakini katika alkali hiyo ketoni ilipokea oksijeni upesi zaidi na kupasuka kidogo zaidi. Mwaka 1997 walionyesha kwamba molekuli 20 hadi 30 za ketoni zinatosha kuhudumia molekuli 100 za malighafi. Faida iliyopatikana ilizidi hasara iliyokuwa ikiogopwa, na jambo hilo halingejulikana kwa kukaa na kuhesabu hasara peke yake.

Haifai kuisifu ketoni hii kupita kiasi. Molekuli 20 kwa 100 ni nyingi. Vichocheo bora vya metali hutosheka na moja kwa 1000, au chini ya hapo. Oxone huacha chumvi nyingi zinazopaswa kutupwa. Kinachoifidia ni bei ya fruktosi na kukosekana kwa mabaki ya metali, ambayo katika dawa lazima yaondolewe hadi chembe ya mwisho inayoruhusiwa. Mizani hiyo imewahi kuielemea upande wake hata kiwandani: mwaka 2007 wataalamu wa kampuni ya DSM pamoja na Shi mwenyewe walieleza jinsi walivyoitumia mbinu hii nje ya chupa za maabara, kwa kiwango cha uzalishaji.

Mkono wa pili wa fruktosi

Lilibaki swali la sukari ya kiooni. Mbinu ya RajanBabu ya kuhamisha pa kushikia haikuwa njia nyepesi hapa, kwani kuta za ketoni ya Shi zimepangwa na fruktosi nzima. Ili kupata epoksidi za mkono wa pili ilihitajika L-fruktosi, na L-fruktosi haiuzwi kwa bei ya sukari. Njia iliyopatikana ilianzia kwenye L-sorbosi, sukari inayotofautiana na L-fruktosi katika kaboni mbili tu. Kwa hatua kadhaa za ziada kaboni hizo hugeuzwa, na ketoni ya kiooni ikapatikana.

L-sorbosi nayo hutoka wapi, ikiwa viumbe havitoi sukari za mkono wa L kwa wingi? Hutoka viwanda vya vitamini C, ambavyo tangu miaka ya 1930 vimekuwa vikiitengeneza kama hatua ya katikati. D-glukosi hutiwa hidrojeni ikawa sorbitoli, molekuli ambayo ncha zake mbili zimekuwa za aina moja. Kisha bakteria huioksidisha karibu na ile ncha ambayo hapo awali ilikuwa ya mwisho. Mkia umekuwa kichwa. Kaboni zilizohesabiwa kutoka juu sasa huhesabiwa kutoka chini, na ile inayoamua herufi si ileile tena, kwa hiyo iliyoingia ikiitwa D hutoka ikiitwa L, ingawa kaboni tatu za katikati hazikuguswa. Ketoni ya mkono wa pili, kwa hiyo, imetokana na glukosi ileile ya mkono wa kwanza, iliyosomwa kuanzia upande wa pili.